Koili ya R22 na mita iliyopima waya zake yenyewe: uchambuzi wa kisa kimoja

Kompyuta ya mezani ililetwa katika karakana yetu hapa Dar es Salaam ikiwa na ugonjwa mmoja tu. Kwa kazi nyepesi ilikaa kutwa nzima bila tatizo, lakini kila mwenyewe alipofungua programu yake ya kuchora ramani za majengo, ndani ya dakika moja au mbili ilizimika ghafla, kana kwamba mtu amechomoa waya ukutani. Alieleza kwamba miezi miwili nyuma koili moja iliyo karibu na prosesa iliungua ikapasuka, na fundi wa kwanza aliing'oa akaweka nyingine yenye maandishi yaleyale, R22, kutoka katika pakiti ya koili mpya. Alituletea na pakiti yenyewe, ikiwa na koili tisa zilizobaki. Tangu siku ya matengenezo hayo ndipo kuzimika kulipoanza.

Katika maandishi hayo herufi R husimama mahali pa nukta ya desimali, kwa hiyo R22 ni induktansi (kiasi ambacho koili hupinga mabadiliko ya mkondo) ya mikrohenri 0.22, yaani nanohenri 220. Na kwa kuwa koili za aina hii kwa kawaida huruhusiwa kupishana na thamani hiyo kwa asilimia 20, koili yoyote iliyo kati ya nanohenri 176 na 264 inastahili jina hilo. Bodi hii ina njia nne za kushusha volti 12 hadi volti 1 hivi inayotumiwa na prosesa, kila njia ina koili yake, na njia zote nne zinatakiwa kugawana mzigo sawasawa. Ilikuwa rahisi basi kushuku kwamba koili mpya si R22 ya kweli, na tulianza kwa kuipima.

Tuliing'oa kwa hewa ya moto, tukaiacha ipoe, tukaishika kwa klipu mbili za mita ya LCR ya mkononi (mita ya kupimia induktansi, kapasitansi na ukinzani), ambazo waya zake zina urefu wa sentimita 25. Katika masafa ya kilohezi 1 mita haikuonyesha chochote cha maana, namba ikarukaruka karibu na sifuri. Katika kilohezi 100 ilitulia na kusoma mikrohenri 0.66, yaani mara tatu ya kilichoandikwa. Tukachukua ya pili kutoka kwenye pakiti: 0.66. Ya tatu: 0.65. Nilikwisha kutamka kwamba pakiti nzima ni bandia, na tungeitupa siku ileile, kama kijana anayejifunza kazi kwetu asingeng'oa koili moja ya asili kutoka kwenye njia ambayo haikuwa na hitilafu yoyote na kuiweka kwenye klipu zilezile. Ikasoma 0.67.

"Fundi, na hii iliyotoka kiwandani nayo ni bandia?" aliuliza.

Swali hilo ndilo lililookoa kazi. Vitu vinne vilivyotoka sehemu mbili tofauti vinapotoa jibu moja lisilowezekana, linalopaswa kushukiwa kwanza ni kile kilicho cha pamoja kati yao, na hapa kilichokuwa cha pamoja ni mita na waya zake.

Hesabu inathibitisha. Waya mbili zinazokwenda sambamba zina induktansi ya takribani mikrohenri 0.4 kwa kila mita ya urefu, ukizidisha kwa logi asilia ya umbali kati yake uliogawanywa kwa nusu ya unene wa waya moja. Waya zetu zina shaba yenye unene wa milimita 1, na zikilala mezani kama zinavyolala siku zote huachana kwa sentimita 5 hivi. Logi asilia ya 100 ni 4.6, zidisha kwa 0.4, kisha kwa robo mita, unapata mikrohenri 0.46. Ongeza 0.2 ya koili yenyewe na unafika pale pale mita ilipofika. Kwa maneno mengine, zaidi ya theluthi mbili za namba ile zilikuwa za waya, na koili ilikuwa mchangiaji mdogo katika kipimo kinachobeba jina lake. Ili kuondoa shaka tulizitanua waya hadi zikaachana kwa sentimita 15, namba ikapanda hadi 0.78, kisha tukazibana pamoja kwa mkono toka kwenye mita hadi karibu na klipu, ikashuka hadi 0.39. Koili haikuguswa wakati wote huo.

Jambo hili linastahili kusemwa kwa uwazi kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kuifikiria induktansi kama mali ya kitu, jinsi uzito ulivyo mali ya jiwe. Kwa koili kubwa ya mikrohenri 100 mazoea hayo hayaleti madhara. Lakini kihalisi induktansi ni mali ya kitanzi kizima ambacho mkondo unazunguka humo, kuanzia mguu mmoja wa mita, kupitia waya, klipu, kitu kinachopimwa, na kurudi kwenye mguu wa pili. Na kitu kinapokuwa kidogo kiasi cha kulingana na kitanzi chake, umbo la kitanzi ndilo linaloamua namba. Kipande cha waya kilichonyooka chenye urefu wa milimita 10 tu kina nanohenri zinazokaribia 10.

Mita nyingi zina kitufe cha kusawazisha: unagusanisha klipu, unabonyeza, na mita inakumbuka mabaki ya waya ili iyaondoe katika kila kipimo kinachofuata. Tulikitumia, na namba zikaja karibu zaidi na ukweli, lakini koili ileile ilisoma 0.19, kisha 0.24, kisha 0.27, kadiri tulivyoiweka na kuitoa. Sababu ni kwamba usawazishaji unakumbuka umbo la kitanzi la wakati ule klipu zilipogusana. Ukitanua klipu kidogo kuishika koili, kitanzi kimekuwa kingine, na kinachoondolewa si tena kile kilichopo. Kitufe hakina kosa lolote. Kinachotakiwa ni kwamba waya zisisogee kabisa kati ya kusawazisha na kupima.

Kwa hiyo tulitengeneza kibao cha kupimia. Ni kipande cha bodi tupu ya shaba, urefu wa sentimita 4, tulichokikata kwa wembe mistari ya kutenganisha ili zibaki sehemu mbili zinazotazamana, pengo kati yake likilingana na umbali wa miguu ya koili. Kwenye kila sehemu tulilehemu waya mbili: moja ya kupeleka mkondo, iliyolehemiwa ukingoni kwa nje, na nyingine ya kusoma volteji, iliyolehemiwa ndani kabisa, karibu na mguu wa koili unapokaa. Waya mbili za mkondo zilisokotwa pamoja kama kamba, na mbili za volteji zikasokotwa peke yake, ili uga wa sumaku wa jozi moja usiingie katika jozi nyingine. Wazo la kutenganisha njia ya mkondo na njia ya volteji ni la zamani. William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alilitumia katika daraja lake la kupimia ukinzani mdogo miaka ya 1860, na ndiyo maana hadi leo klipu za waya nne huitwa kwa jina lake.

Badala ya kugusanisha waya, tulisawazisha kwa kipande cha shaba bapa chenye urefu wa milimita 7, sawa na koili, kilichokandamizwa mahali palepale koili itakapokaa. Kipande hicho nacho kina induktansi yake, kwani hakuna shaba isiyo nayo. Kwa urefu wa milimita 7 na upana wa milimita 5 hesabu inatoa nanohenri 2 na kidogo. Maana yake ni kwamba mita sasa inaita sifuri kitu ambacho kwa kweli ni nanohenri 2, na kila kipimo kitakuwa pungufu kwa kiasi hicho. Kwa koili ya nanohenri 220 hiyo ni asilimia 1, nasi tuliirudisha kwa kuijumlisha. Kwa koili ya nanohenri 20 ingekuwa asilimia 10, na hapo mtu asiyejua kipande chake cha kusawazishia kina umbo gani hawezi kudai chochote.

Koili ya pakiti ilisoma mikrohenri 0.207. Ya asili ilisoma 0.214. Tulizitoa na kuzirudisha mara tano kila moja, na tofauti haikuzidi nanohenri 2. Zote mbili ni R22 halali, na shutuma yangu dhidi ya pakiti ilikuwa imeanguka.

Hapo palikuwa na kishawishi cha kusema kwamba koili haina tatizo na kuendelea kutafuta kwenye transista. Ila tulikuwa bado hatujapima ukinzani wake, na ukinzani wa koili katika bodi kama hii si jambo la pembeni, kama nitakavyoeleza.

Multimita ya kawaida ilisoma omu 0.3, ambayo ni ukinzani wa waya zake na migusano ya ncha zake, basi. Mita ya LCR ilionyesha pia, kando ya induktansi, ukinzani wa miliomu 14, na mwenzetu mmoja karakanani aliiandika daftarini kama ukinzani wa koili. Namba hiyo si ya kutupwa, lakini inajibu swali jingine. Ni ukinzani katika kilohezi 100, ambako mkondo hukimbilia kwenye ngozi ya shaba na kupita katika kina cha milimita 0.2 hivi tu, na ambako kiini cha koili nacho hula nishati. Isitoshe, katika masafa hayo koili yetu ina riaktansi (upinzani wake kwa mkondo unaobadilika) ya miliomu 130, na mita inatafuta ukinzani kwa kuangalia pembe kati ya volteji na mkondo. Ikikosea pembe hiyo kwa digrii moja tu, kosa katika ukinzani ni miliomu 2.3. Nilipoiona hesabu hiyo niliifuta namba ya daftarini mara moja, kwa sababu, kama itakavyoonekana, miliomu 2.3 ni karibu sawa na koili nzima.

Tuliunganisha basi waya nne za kibao kwenye mita ya mezani ya tarakimu sita na nusu, ambayo katika kipimo chake cha chini kabisa cha ukinzani, omu 100, hupitisha mkondo wa miliampea 1. Nilitarajia hapo ndipo jibu lingepatikana. Ilisoma miliomu 20. Nikagusa kwa vidole klipu moja ya volteji kwa muda wa sekunde kumi, namba ikaanza kutembea polepole kama mshale wa dakika, ikapita 24, nikaachia, ikarudi.

Waya nne huondoa ukinzani wa waya na wa migusano, lakini haziondoi volteji inayozaliwa pale metali mbili tofauti zinapokutana sehemu moja ikiwa na joto kuliko nyingine. Shaba safi kwa shaba safi huzalisha chini ya mikrovolti 0.2 kwa kila digrii ya tofauti. Shaba na risasi ya kulehemu, mikrovolti 1 hadi 3. Shaba iliyoota kutu dhidi ya shaba safi inaweza kufika mikrovolti 1000, ndiyo maana klipu nyeusi nyeusi zilizokaa miaka katika hewa ya bahari hazifai kabisa kwa kazi hii. Kwetu volteji hiyo ilikuwa mikrovolti 18 hivi. Ni kidogo mno, hadi ukumbuke kwamba mkondo wa miliampea 1 ukipita katika miliomu 2.4 hutoa mikrovolti 2.4. Mita ilikuwa inatafuta mikrovolti 2.4 ndani ya mikrovolti 20 na kuzigeuza zote kuwa ukinzani.

Dawa yake ni mbili, na zinakwenda pamoja: ongeza mkondo, kisha geuza mwelekeo wake. Tulichukua pawa saplai ya karakana, tukaifunga kwenye kikomo cha ampea 5, tukaunganisha mfululizo koili na shanti (kipinga kidogo cha kupimia mkondo) ya miliomu 10 yenye usahihi wa asilimia 1, kwani namba inayoonyeshwa na pawa saplai yenyewe sikuiamini kwa kiwango hicho. Kwenye shanti tulisoma milivolti 49.8, yaani ampea 4.98. Kwenye waya za volteji za koili ya pakiti tulisoma milivolti 12.018. Tukazima, tukageuza waya za mkondo, tukawasha: milivolti 11.982 kwa upande hasi. Volteji ya joto haijui mkondo unakwenda wapi, inabaki ilivyo. Kwa hiyo wastani wa namba hizo mbili, milivolti 12.000, ni wa koili peke yake, na nusu ya tofauti yake, mikrovolti 18, ndiyo ile iliyotusumbua. Gawanya 12.000 kwa 4.98: miliomu 2.41. Kwa asilimia 1 ya shanti, tuseme kosa halizidi miliomu 0.03.

Mahali waya za volteji zinapogusa panahitaji uangalifu uleule. Mguu wa shaba wa koili hii una upana wa milimita 3 na unene wa milimita 0.3, na kila milimita ya urefu wake ina miliomu 0.019. Ukihamisha mguso kwa milimita moja upande huu na moja upande ule, umeongeza karibu miliomu 0.04, kiasi ambacho kwa koili ya miliomu 1 ni asilimia 4. Joto nalo lina sehemu yake: ukinzani wa shaba huongezeka kwa asilimia 0.39 hivi kwa kila digrii, chumba chetu siku hiyo kilikuwa na nyuzi 31, na orodha za viwanda mara nyingi hutoa thamani za nyuzi 20 au 25. Ukilinganisha kipimo cha Dar es Salaam na karatasi ya kiwanda bila kurekebisha, unaweza kuikataa koili nzima kwa kosa la hali ya hewa. Kwa nyuzi 25 koili ya pakiti ni miliomu 2.36.

Kisha tukapima ya asili kwa njia ileile, chumba kilekile, dakika kumi baadaye. Milivolti 5.73. Miliomu 1.15.

Hapo ndipo ugonjwa ulipojionyesha. Koili mbili zenye maandishi yaleyale, umbo lilelile, induktansi karibu ileile, lakini moja ina ukinzani mara mbili na zaidi ya nyingine, kwa sababu R22 ni tamko la induktansi pekee na halisemi neno juu ya unene wa shaba iliyo ndani.

Kwa nini hilo liizime kompyuta? Aisii, yaani chipu, inayosimamia njia nne inahitaji kujua mkondo wa kila njia, na kuweka kipinga cha kupimia kungepoteza nishati. Kwa hiyo katika bodi za aina hii hutumia ukinzani wa koili yenyewe. Kipinga na kapasita huwekwa sambamba na koili, na vikichaguliwa ili zao lao lilingane na induktansi ya koili iliyogawanywa kwa ukinzani wake, volteji kwenye kapasita huwa picha ya mkondo. Kwa koili ya asili mgawanyo huo ni mikrosekunde 186. Kwa ya pakiti ni 86, picha imeharibika. Lakini kubwa zaidi ni hili: aisii inasawazisha volteji hizo nne ikidhani inasawazisha mikondo. Njia yenye ukinzani mara mbili inaonekana kwake imebeba mara mbili, basi inaipunguzia, na mzigo unahamia kwa zile tatu.

Tulirudisha koili ya pakiti mahali pake ili tulithibitishe hilo kwenye bodi inayofanya kazi, kwa mzigo mwepesi, tukisoma volteji ya wastani kati ya ncha mbili za kila koili kupitia kichujio cha kipinga na kapasita kilichomeza mtetemo wa kuwasha na kuzima. Namba zilikuwa milivolti 8.1, 8.0, 8.2 na 8.1. Zinafanana, nazo zinadanganya: milivolti 8.1 katika miliomu 1.15 ni ampea 7, katika miliomu 2.41 ni ampea 3.4. Jumla halisi ilikuwa ampea 24.5, lakini aisii, ikihesabu njia zote kwa 1.15, iliona zaidi ya 28. Ilikuwa inazidisha kwa asilimia 15. Mzigo halisi ukifika ampea 60, aisii inaona 69, na koili tatu nzima zinabeba ampea 17 badala ya 15, joto la shaba yake likipanda kwa theluthi moja. Kinga ya kuzidi mkondo, ile iliyokuwa ikiizima mashine, ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu juu ya habari isiyo ya kweli.

Koili mbadala tuliipata kwenye bodi iliyokufa ya jamii ileile, iliyokuwa rafuni. Kabla ya kuilehemu tuliipitisha kwenye kibao: mikrohenri 0.211, miliomu 1.17. Baada ya kuiweka, kwa mzigo uleule mwepesi volteji za koili nne zilishuka hadi milivolti 7 kila moja, kama hesabu ya ampea 24.5 zilizogawanywa kwa nne inavyodai. Mwenye mashine aliketi karakanani akafungua ramani yake ya ghorofa na kuizungusha kwenye skrini kwa saa mbili na nusu, nayo haikuzimika. Pakiti ya koili tumebaki nayo, na juu yake tumeandika kwa kalamu ya wino mzito: R22, miliomu 2.4, si za njia za prosesa.